Madam Konso, mwalimu wa foleni ya mpunga

Mashine inanguruma, na Konsolata Hermenegildi hasemi neno. Hata akisema, nani atamsikia? Injini ya mashine hii ya kukoboa mpunga, kando ya barabara ya kutoka Ifakara mjini kwenda Kivukoni, ina kelele za kumfanya mtu na jirani yake waongee kwa mikono.

Basi anainama. Kwa kijiti alichokichomoa kwenye fagio anaandika sakafuni, juu ya vumbi laini la pumba: "I see a hen." Watu waliokaa juu ya magunia yao wananyoosha shingo. Mwalimu anaelekeza kidole mlangoni. Kuku mwekundu kweli yupo, na anadonoa mpunga wa watu bila haya.

Anafuta kwa kiganja, anaandika mstari mrefu zaidi: "I see a hen eating the rice."

Fundi anazima injini ili mkanda upoe. Masikio yanabaki yakivuma kidogo, kisha sauti zinapasuka kwa pamoja, wazee kwa vijana, wanaume kwa wanawake: "I see a hen eating the rice!" Kuku anakurupuka na kutokomea nje.

"Mmeona?" anasema Konsolata, akijipangusa pumba magotini. "Kiingereza chenu kimeeleweka."

Kicheko kinachofuata ni kile cha watu waliofahamiana kwa muda mrefu.

Hapa hakuna anayemwita Konsolata. Ni Madam Konso. Ana umri wa miaka hamsini na saba, na kazi inayompa riziki ni kupepeta na kuchambua mchele wa wateja, kutoa chenga na mawe. Siku yenye mzigo mwingi hurudi nyumbani na shilingi elfu nane hivi. Kufundisha hakumpi kitu, labda konzi ya mchele ambayo mwanafunzi akipenda humwachia kwenye ungo. Hakuna aliyemwajiri, na shule yake iliishia darasa la saba.

Wanafunzi wake ni watu wanaosubiri. Mkulima huleta magunia kutoka Michenga au ng'ambo ya mto, anakuta foleni, na msimu wa mavuno foleni hiyo humeza siku nzima. Kuondoka hawezi, mpunga wake usije ukachanganywa na wa mwingine. Anakaa juu ya gunia lake, na Madam Konso anamkuta hapo hapo.

Jambo la ajabu ni somo lenyewe. Kwa miaka yote hii mwalimu huyu anafundisha zaidi maneno ya kuona: see, look at, watch, notice, na namna yanavyokaa kwenye sentensi. Ukimuuliza kwa nini, anakutazama kama umeuliza kwa nini samaki wanavuliwa majini.

"Mtu anayesubiri hana kazi nyingine zaidi ya kutazama," anasema. "Sasa nimfundishe nini? Habari za theluji?"

Injini ikiwa bado imezimwa, mzee Valentino, mkulima wa Michenga mwenye miaka sitini na nane, anainua mkono. Kofia kaipakata. Yeye ndiye mwanafunzi mkubwa kuliko wote, na kila asubuhi huwa kuna kichekesho kidogo: mwalimu humwamkia mwanafunzi shikamoo, naye huitikia, "Marahaba, Madam."

"Mimi kuku yule nilimwona anakula, nikamfukuza," anasema. "Kesho nikisimulia nasemaje?"

Uso wa Madam Konso unachangamka, maana alikuwa akilingoja swali hilo. Anaeleza kwamba Mwingereza ana njia mbili. Akisema "I saw the hen eat the rice", alimwona kuku tangu anaanza mpaka anamaliza, habari yote anayo. Akisema "I saw the hen eating the rice", alimkuta katikati. Mwanzo hakuuona, na mwisho huenda asiujue.

"Basi mimi ni hiyo ya pili," Valentino anasema. "Amalize mbele ya macho yangu, mpunga wenyewe wa nani?"

Look, Madam anawakumbusha, haiendi bila at, lazima useme macho umeyapeleka wapi. Watch ni kukaa na kitu ukikifuatilia. Hilo halisumbui mtu hapa. Kabula, mama wa Kisukuma anayelima heka kadhaa Michenga, analishika upesi kuliko wote. "I watch my rice," anasema, huku jicho halibanduki kwenye magunia yake. Huyu ndiye aliyewahi kusema "I see hunger", watu wakakubali kwa vichwa, hadi Madam alipowaambia kuwa Waingereza njaa hawaioni, wanakuwa nayo tu.

"Hawajalima masika wakaishiwa chakula," Kabula alijibu. "Wangeiona."

Bryson, kijana mpakiaji wa magunia, anapita na mzigo begani. "Madam, mimi naona nimeiva. Nipe mtalii hata sasa hivi."

"Mtalii utamwambia nini? Habari za kuku?"

Injini inawashwa tena. Mwalimu anarudi kwenye pumba.

Ila leo macho ya watu hayatulii sakafuni. Nyuma ya banda, chini ya turubai la bluu, kuna mashine mpya. Mafundi wamekwisha kuifunga, umeme umekwisha kuvutwa, na Jumatatu itaanza kazi. Inakoboa, inatoa mawe, inatenga chenga, yote yenyewe, na kwa kasi ambayo mkulima hatapata nafasi ya kuketi. Foleni itakuwa historia.

Wakulima wanashangilia, na wana haki. Madam Konso anashangilia nao. Akibaki peke yake na ungo wake ndipo anapokiri kinachomsumbua.

"Darasa langu ni foleni," anasema taratibu. "Foleni ikiisha, ndipo nitajua kama walikuwa wanakuja kwangu au walikuwa wamenikuta tu njiani."

Si mara ya kwanza maendeleo kumvunjia darasa. La kwanza lilikuwa Kivukoni, na akianza kulisimulia, hata mikono yake huacha kupepeta.

Amezaliwa Kivukoni. Wazazi wake walitoka upande wa Mahenge, Ulanga, na baba yake, Hermenegildi, alivusha watu kwa mtumbwi kabla pantoni halijawa la kutegemewa. Binti alipomaliza darasa la saba alipelekwa Ifakara kufua na kupiga pasi kwa masista. Huko alikutana na Sista Kristina, mwanamke mfupi, mkali, aliyependa kucheka akifunika mdomo. Sista huyo hakuwa na muda wa kufundisha, kwa hiyo alifundisha kazi ikiendelea.

"Alikuwa akisema 'Look at the iron', nageuza macho," Madam Konso anakumbuka. "Akisema 'Watch the iron', nakaa nayo, maana ile ilikuwa pasi ya mkaa, ukizubaa umeunguza shela ya mtu. Niliunguza moja. Neno watch halijanitoka mpaka leo."

Alipoolewa alirudi Kivukoni, na mume alipofariki aliendelea kukaanga kambale pale pale yalipopangwa magari yaliyosubiri pantoni. Jamani, foleni ile! Malori ya mkaa na mbao, mabasi ya Mahenge, akina mama na mikungu ya ndizi, mapadri, waganga, mbuzi. Mto ukifurika pantoni halivuki, na watu wanalala hapo, wanapika hapo, na wengine, Madam anaapa, walichumbiana hapo.

Siku moja mvulana wa sekondari, anakwenda bweni Ulanga, alikaa juu ya godoro lake lililofungwa kwa kamba akikariri kwa sauti: "I see a lion. I see a lion." Konsolata alimsikiliza huku akigeuza samaki mpaka uvumilivu ukamwishia.

"Wewe, simba umemwona wapi?"

"Sijamwona, mama."

"Sasa mbona unasema umemwona?"

Konsolata akamwambia ageukie mto aseme kile kilichopo. Kulikuwa na mtu anasukuma mtumbwi, mwanamke anaosha sufuria, kiboko katoa masikio kule mbali. Pantoni lilipofika, mvulana alikuwa na sentensi za kumtosha muhula mzima, na kambale mmoja wa bure. Jina lake Nickolaus.

Alisimulia shuleni, na muhula uliofuata alikuja na wenzake. Tangu hapo wanafunzi wakifika Kivukoni walikuwa wanauliza kwanza mama wa samaki yuko wapi, halafu ndiyo wanauliza habari za pantoni. Makondakta wakajiunga, wachukuzi wakajiunga. Sharti lake lilikuwa hilo moja: mtu aseme alichokiona kwa macho yake, siku hiyo, mahali hapo. Hakuna simba wa kukariri.

"Tulikuwa maskini, na mbu walikuwa wanatula," anasema, sauti imeshuka. "Lakini watu walikuwa na nafasi. Walikuwa wanautazama mto mpaka wanaujua. Siku hizi wanaupita juu. Ukimuuliza mtu mto umejaa au umepungua, hajui, alikuwa anatazama simu."

Halafu likaja daraja. Siku lilipoanza kupitika alipiga vigelegele pamoja na jirani zake, na alipiga kwa moyo wote. Alikuwa ameshuhudia wajawazito wakilia kwenye foleni ile, na anamjua mmoja ambaye hakuvuka. Jioni alirudi nyumbani, akaona karai lake la mafuta, akaketi chini akalia. Asubuhi yake mabasi yalipita bila hata kupunguza mwendo. Samaki walibaki.

Muda mrefu ulipita bila kufundisha mtu. Siku aliyoleta mpunga wake hapa mashineni, akakuta watu wamejikunyata juu ya magunia, wamenyamaza, wanapiga miayo, anasema mikono ilimwasha. Akaokota kijiti.

Mwenye mashine hakumzuia. Angemzuiaje? Mwenye mashine ni Nickolaus.

Leo Nickolaus ana mvi za kwanza, tumbo la mtu anayekula kwa wakati, na bado humwamkia Madam shikamoo akiwa amevua kofia. Ndiye aliyekopa, akanunua mashine mpya. Anapoizungumzia mbele ya mwalimu wake, sauti yake inakosa nguvu kama mtoto aliyevunja sahani.

"Nisiponunua, wakulima watakwenda kwa wengine," anasema. "Nimemwambia Madam, chumba cha magunia sasa kitakuwa wazi, achukue, afundishie humo bure. Anasema chumba hakiwezi kuleta watu."

"Nimkasirikie kwa lipi?" Madam Konso anasema. "Kijana kafanya kazi. Watu wamechoka kusubiri. Hata mimi nimechoka kuwaona wamechoka."

Kazi ya kuchambua itapungua pia, lakini chakula anacho. Ana heka moja na nusu ya mpunga. Kinachomkosesha raha ni simu ya binti yake. Aneth ni muuguzi Mlimba, ana nyumba nzuri yenye chumba cha ziada, na amekuwa akimsihi mama yake akapumzike. Safari hii Madam hakukataa moja kwa moja. Amemwahidi jibu Jumamosi. Siku hiyo atakaa katika chumba cha magunia: wakija watu, atabaki. Wasipokuja, atafunga virago, ataacha kufundisha, atakwenda kuwa bibi wa kukaa barazani.

Nickolaus alitaka kumtuma mtu wa bodaboda apite na kipaza sauti kutangaza darasa. Madam alikataa kabisa.

"Nikiwaita, sitajua," alisema.

Jumamosi inafika. Mashine mpya ina siku yake ya sita kazini, na banda halitambuliki. Hakuna kelele, ni mvumo tu. Hakuna vumbi la kuandikia. Gunia linamwagwa huku, mchele mweupe unatoka kule, mteja anafungiwa mzigo wake kabla hajamaliza kusalimiana na watu. Madam Konso amekifagia chumba cha magunia, ameacha mlango wazi, na ameketi kwenye benchi akiwa amevaa kitenge chake cha kanisani.

Watu wanapita. Wanasalimia vizuri, kwa heshima zote, wanauliza habari za nyumbani, na wanaondoka. Bryson anapunga mkono kwa mbali, mzigo begani. Saa nne hakuna mtu. Kabula anafika na magunia mawili, na moyo wa mwalimu unaruka. Lakini mpunga unakobolewa mara moja, na Kabula anachungulia mlangoni akiwa tayari ameshika usukani wa baiskeli.

"Leo nimebahatika, Madam! Nawahi nyumbani."

"Nenda salama, mama."

Saa sita, hakuna mtu. Nickolaus anamletea chai, anaiweka chini, anarudi kwenye mashine. Madam Konso haigusi. Maisha yake yote amekaa na watu wanaosubiri, na leo amegundua kwamba hajui kusubiri mwenyewe. Anasogeza benchi, anairudisha. Anaitazama simu, anaigeuza uso chini.

"Labda ndiyo hivyo," anasema.

Jua limeanza kulegea ndipo baiskeli ya mzee Valentino inapoingia uani. Amebeba kiroba kidogo, mpunga wa kilo mbili tatu, ule ambao mtu humpa bata. Mwendesha mashine ananyoosha mkono aupokee.

"Lete, mzee, tukumalizie. Hata kupiga chafya hutawahi."

Valentino anakikumbatia kiroba kifuani. "Ah, mwanangu, pole pole na mpunga wa watu. Nitangoja."

"Utangoja nini? Hakuna mtu mbele yako."

"Nimesema nitangoja." Na anakwenda kuketi katika chumba cha magunia, kiroba magotini, anatazama mbele.

Hawajatulia, Kabula anarudi. Ameshafikisha mchele nyumbani, na sasa amefunga kitu kwenye ncha ya khanga. Anadai ni mpunga aliousahau.

"Kabula, umesahau konzi mbili?" Madam anamuuliza.

"Ni mpunga, Madam. Hautupwi."

Wanakuja wengine. Mama mmoja na bakuli limefunikwa kwa sahani. Mwanamume wa Kivukoni na soksi, soksi kabisa, imejazwa mpunga na kufungwa fundo. Wote wanamkwepa mwendesha mashine, wote wanasema hawana haraka. Bryson, ambaye hana hata punje, anaingia na fagio, anafagia pembe moja isiyo na uchafu, kisha anaketi juu ya ndoo. Nickolaus amesimama mlangoni, kiganja mdomoni, mabega yanamtikisika kwa kicheko.

Madam Konso anavitazama vile vifurushi kimoja baada ya kingine, na anapoelewa, analia. Hajifichi, hasingizii vumbi. Analia mbele ya darasa lake, na darasa linamwacha alie.

"Sasa mpunga huu wote wa nini?" anauliza hatimaye, akijifuta kwa kitenge.

Wanatazamana. Anayejibu ni Valentino, kwa sauti ya chini.

"Madam, mtu wa umri wangu atoke nyumbani aseme anakwenda kusoma? Wajukuu watanicheka. Nikibeba mpunga, nimekwenda mashineni. Mwanamume anakwenda mashineni."

Wengine wanaitikia kwa vichwa. Kumbe kwa wengi wao foleni haikuwa adha peke yake. Iliwapa kisingizio cha kukaa chini na kujifunza bila kuonekana wanajifunza. Ilipoondolewa, ilibidi kila mmoja ajitafutie chake.

Wakasoma mpaka jua lilipokaribia kuzama, kwa chaki ambayo Nickolaus alikimbia kuinunua dukani, ukutani, kwa mara ya kwanza bila kupigana na injini. Walitaja wanachokiona dirishani: barabara, mashamba, ndege wanaoshuka kwa makundi, mbali kule milima ya Udzungwa. Kabula alisema "I saw you sitting alone", nimekuona umekaa peke yako, na mwalimu hakuwa na la kusahihisha.

Mipango imeanza. Madam Konso anataka ubao. Anataka benchi nyingine mbili, na siku moja awapeleke wote mtoni, wakakae ukingoni mchana mzima, wautazame kama zamani. Na kwa kuwa sasa hakuna foleni ya kuwakusanya, amelazimika kufanya jambo ambalo hajawahi kulifanya: kupanga siku na saa. Kulikuwa na ubishi mwingi. Wamekubaliana Jumamosi, saa tisa alasiri.

"Na wiki ijayo mpunga muuache nyumbani," aliwaambia.

"Sasa nitasema nakwenda wapi?" Valentino akauliza.

"Sema unakwenda shule, baba."

Mzee alikitazama kiroba chake, akavaa kofia yake, akasema atajaribu.

Walipoondoka, simu iliita. Alikuwa Aneth, kutoka Mlimba, anataka jibu lake. Godoro ameshanunua, alisema, na chumba kimepakwa rangi. Mama aje lini?

Madam Konso alifunga mlango wa chumba cha magunia, ufunguo akautia kwenye pindo la kitenge.

"Mwanangu, nitakuja kukusalimia tu, nitarudi," alisema. "Nina watu wananisubiri."